Gudveig na Karavani Iliyopigiliwa Misumari

Gudveig Haugstulen hakuumbwa kwa ajili ya kukaa. Hata kahawa aliinywa amesimama, nyonga kwenye meza ya jikoni, macho dirishani. Katika nyumba ya wazee ya mji wa Hamar alikofanya kazi ya upishi, wenzake walishamzoea: sufuria likiwa motoni yeye yuko stoo, na akiwa stoo roho yake iko nje kwenye maegesho ya magari. Bibi mmoja mkaazi wa pale, ambaye siku hizi hakuinuka kitini bila kushikwa mkono, alimwambia kwamba kumtazama yeye kunamtosha, televisheni waiuze tu.

Basi ilikuwaje mtu wa namna hiyo akaenda mahali palepale, kila majira ya baridi, kwa karibu miaka ishirini? Hapo ndipo anapoingia mumewe, Arnfinn.

Arnfinn alikuwa fundi wa lifti, mpole, mikono mikubwa, maneno machache. Walikuwa na karavani, nyumba ndogo ya magurudumu ya kuvutwa na gari, na miaka ya mwanzo waliivuta huku na kule. Kisha wakaipandisha Skarvlia, juu ya bonde la Gudbrand, kwenye uwanja wenye safu za karavani na umeme wa kuchomeka. Baridi ya pili tu, Arnfinn akaijengea hema la misumari. Ndivyo wanavyoliita wenyewe, ingawa hema hilo halina uzi hata mmoja: ni chumba cha mbao kinachopigiliwa ubavuni mwa karavani, kina paa, dirisha na jiko la kuni. Hema la kitambaa theluji ya kule ingelilaza chini mara moja. Arnfinn alilijenga vizuri kupita kiasi. Akatia rafu, akatia vigingi vya kutundikia nguo za baridi, akatia benchi lenye mfuniko. Gudveig aliiona misumari ikiongezeka akanyamaza, maana chumba kilikuwa na joto na binti yao Sunniva, wakati huo msichana wa shule, alikipenda.

Lakini moyoni hakukubali kwamba wamefika. Kila Ijumaa, viatu vikishavuliwa na jiko likishashika moto, alitandaza ramani mezani, ramani iliyochakaa mikunjoni mpaka miji kadhaa ikatoboka. Arnfinn alikoroga mchuzi wake mzito wa viazi na nyama, akauliza, "Haya mama, leo tunaenda wapi?"

Na Gudveig alichagua. Tena hakuchagua ovyo. Mahali pa kwenda na karavani wakati wa baridi, alisema, hapachaguliwi kama pa kiangazi. Kiangazi kila mahali pazuri, hata nyuma ya duka la mbolea. Baridi inataka akili. Jua linaingilia upande gani, na milima italiruhusu lishuke au litaishia vileleni? Barabara inafyekwa theluji au imefungwa mpaka Mei? Mwenye uwanja yupo, au ameshakwenda zake Hispania kuota jua? Geiranger, pamoja na picha zake zote za kalenda, aliifuta siku ya kwanza kwa sababu ya barabara. Røros aliipenda kwa baridi yake kavu na nyumba zake nyeusi za mbao, na kwa jinsi theluji ya kule inavyolia chini ya kiatu. Lofoten aliitamani kwa samaki wanaoanikwa juu ya miti, safu kwa safu, na kwa mwanga wa mchana mfupi ambao watu walimwambia una rangi ya waridi. Senja aliiweka kwenye orodha kwa sababu hakumjua mtu yeyote aliyewahi kufika. Lakini kila mara mawazo yake yalirudi Romsdal, mahali ambapo mlima unasimama wima kutoka majini, na bahari haigandi hata theluji ikiwa ya magotini.

"Juma lililopita ulisema Røros," Arnfinn alimkumbusha.

"Juma lililopita nilikuwa mjinga. Røros hakuna bahari."

"Na Lofoten?"

"Mbali. Tutafika likizo imeisha, tugeuze gari."

"Basi Romsdal."

"Romsdal. Ila uwanja gani? Ule wa kando ya mto haupati jua kabisa, wanakaa gizani kama viazi. Nataka ule wa ndani zaidi, wa ng'ambo."

"Chakula kitapoa, mama."

"Kipoe. Wewe umewahi kuona mlima unaingia baharini na theluji yake?"

"Sijawahi."

"Basi."

Arnfinn alicheka kwa pua, akapakua. Alipenda Ijumaa hizo, hilo hata adui yake angelisema. Na kila Gudveig alipouliza ni lini basi, alijibu neno lilelile: nikistaafu. Sasa hivi kazi haitoi nafasi, lifti za mji mzima zinamtegemea, lakini akistaafu tu watang'oa hema, watafunga karavani nyuma ya gari, na mama atachagua. Gudveig alilishika neno hilo kwa mikono miwili.

Wakazi wa Skarvlia walikuwa wa aina mbili, waliotaka kuondoka siku moja na walioamua kubaki. Karavani isiyokwenda barabarani haina haja ya bima ya barabarani, kwa hiyo wengi waliokuwa hawana tena mpango wa kuondoka walikifungua kibao cha namba na kukirudisha serikalini. Gudveig aliwaita walioota mizizi. Aliwatania bila huruma, hasa jirani yake Torlaug, mjane wa karavani ya pili, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa akioka mikate midogo ya maziwa kila Jumamosi.

"Torlaug, wewe umeshaota mizizi. Kiangazi tukumwagilie maji."

"Na wewe shoga una mchwa miguuni," Torlaug alijibu. "Nitapata wapi nafasi ya kwenda kokote na wewe unanimalizia mikate?"

"Sisi mzee akistaafu hamtuoni tena hapa."

"Ehe," Torlaug alisema, akaenda kugeuza mikate yake.

Hatimaye vuli moja, kabla ya theluji, Arnfinn alistaafu. Wakamfanyia sherehe, wakampa saa ya ukutani, na Gudveig siku ya pili yake akaenda kwa mkuu wa jiko kuomba likizo ya majira ya baridi, yote kwa mkupuo. Mwezi mzima hakulala vizuri. Alipiga simu Romsdal akaweka nafasi, akaivunja, akapiga Røros, akaona aibu, akapiga tena Romsdal. Mwenye uwanja, mzee mwenye sauti ya tumbaku, alimuuliza kama amepata ushauri wa daktari. Alipanga nguo akazipangua. Alinunua minyororo ya kuvisha magurudumu kwenye theluji na kuijaribu sebuleni.

Arnfinn kwa upande wake alianza visababu. Paa lina theluji nyingi, tusubiri iyeyuke. Tuuze kwanza lile jiko. Mwakani barabara watakuwa wameipanua. Gudveig alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwake ni kazi, kisha akasema, "Baba, tunang'oa."

Jumamosi iliyofuata asubuhi Arnfinn alibaki ndani akisema anatafuta nyundo. Gudveig hakuwa na subira ya nyundo. Alichukua koleo akazunguka nyuma ya karavani, upande wa msitu, ambako theluji ilirundikwa kila mwaka mpaka chini ya dirisha ili kuzuia upepo. Kazi ya nyuma ilikuwa ya Arnfinn siku zote: mitungi ya gesi, theluji, na kuja peke yake vuli kuandaa. Gudveig alichimba kwa furaha, akiimba kwa pua. Alipofika kwenye bampa alipangusa kwa glavu ili asome namba yake mwenyewe, maana alikuwa ameshaisahau.

Hapakuwa na namba. Palikuwa na matundu mawili ya skrubu, yenye kutu pembeni, na mstatili safi ambapo kibao kilikuwa.

Alisimama pale. Kwanza alidhani kimedondoka, akaanza kukitafuta kwenye theluji kwa mikono. Halafu akaona kwamba skrubu hazidondoki mbili kwa pamoja, na kutu haioti kwa baridi moja.

Aliingia ndani na koleo mkononi. Arnfinn alikuwa kwenye benchi anamenya chungwa, nyundo iko kando yake.

"Namba iko wapi?"

"Namba gani?"

"Arnfinn."

Aliacha kumenya. "Niliirudisha."

"Lini?"

"Zamani. Sunniva alipohamia Bergen."

Gudveig alipiga hesabu, akaona baridi zote zile, Ijumaa kwa Ijumaa, ramani mezani. "Na miaka yote hiyo unaniuliza tunaenda wapi."

"Nilipenda kukusikiliza."

"Ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi nachagua hadi upande wa jua, na wewe unakoroga mchuzi huku unajua. Uliniona mtoto?"

"Hapana."

"Uliniona nini?"

Arnfinn aliliweka chungwa chini. Mikono yake mikubwa haikujua pa kukaa. Akaanza kueleza, akitazama jiko. Ile baridi ya kwanza walipokuwa wanashuka kutoka Skarvlia kurudi nyumbani, Gudveig alikuwa anaumwa kichwa, amelala kiti cha mbele, Sunniva nyuma amevaa vipokea sauti masikioni. Kwenye mteremko mkubwa karavani ilianza kuyumba. Kushoto, kulia, kila mara zaidi, mpaka ikawa karavani ndiyo inayoliendesha gari. Alikanyaga breki ikazidi. Aliiona reli ya pembeni na chini yake alivyoviona ni vilele vya miti. Halafu, hajui kwa nini, ikanyooka. Sunniva aliuliza kama kuna chokoleti. Gudveig hakuamka.

"Mwaka uliofuata nilirudi nayo juu kwa sababu uliipenda Skarvlia," alisema. "Kupanda naweza. Nilipofika nikajua sitaishusha tena. Ndio nikajenga."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Fundi wa lifti anaogopa kushuka?" Alijaribu kucheka, hakuweza. "Kila mahali ulipotaja, mama, mimi niliona mteremko tu. Ulisema Romsdal, mimi naona barabara ya kuingilia bondeni. Ulisema Lofoten, nahesabu milima ya njiani. Wewe ulikuwa unaniambia mwanga wa waridi."

Gudveig alimhurumia na akamkasirikia, na hasira ilikuwa kubwa zaidi. Angejua, angefanya jambo. Angeendesha yeye. Angepata leseni ya kuvuta tela zito alipokuwa bado na mgongo imara. Alitoka akaubamiza mlango, theluji ya paani ikamwangukia kichwani, akaenda nayo hivyohivyo mpaka kwa Torlaug.

"Ulijua?"

Torlaug alimtazama, akamsogezea kiti ambacho Gudveig hakukikalia. "Safu nzima tunajua, shoga. Tunapita kule nyuma tukienda kutupa taka. Nilidhani na wewe unajua. Nilidhani ni mchezo wenu wawili."

"Nimekuita umeota mizizi."

"Umeniita. Mara nyingi."

"Na hukusema kitu."

"Ulikuwa unafurahi," Torlaug alisema. "Nani amnyime mtu raha yake?"

Waliteremka Hamar siku hiyo kwa gari tupu, bila karavani. Sikufichi msomaji, yapo mambo aliyoyawaza Gudveig njiani ambayo mke hayasemi. Jumatatu, kabla ya kufunga aproni, alipiga simu shule ya udereva.

Mwalimu alikuwa kijana mtulivu mno, na utulivu wake ulimtia Gudveig wazimu. Kwenda mbele alijua tangu siku ya kwanza. Kurudi nyuma na tela ndiko kulikomtoa jasho, maana ukikata usukani huku lenyewe linakwenda kule, na mtu asiye na subira huishia amelikunja kama kisu. Alilikunja mara nyingi. Alilia mara moja, ndani ya gari, kwa hasira tupu. Jioni alirudi nyumbani akamkuta Arnfinn amepika, wakala wakizungumzia hali ya hewa. Kuhusu mahali pa kwenda hakuna aliyetaja. Lakini Gudveig hakuacha kuchagua. Alichagua akimenya viazi vya wazee, alichagua kwenye foleni, alichagua kitandani amempa mumewe mgongo, na safari hii kila mahali aliuliza na swali jipya: kunashukwa vipi kufika huko? Akaona kwamba Arnfinn hakutia chumvi. Nchi yao yote ni kushuka.

Alifaulu mtihani mwezi wa tatu, theluji ya mlimani bado tele. Fundi kutoka bondeni alipanda akalegeza breki zilizoganda, akafunga matairi mapya, karavani ikakaguliwa, ikapewa namba. Hema la misumari alilibomoa Arnfinn mwenyewe. Hakuna aliyemwomba. Aling'oa msumari mmoja mmoja, na kwa mazoea ya fundi akaunyoosha kila mmoja kabla ya kuutupa koponi. Majirani walitoka kutazama, mikono mifukoni. Torlaug alileta mikate ya njiani na kumwambia Gudveig, kwa sauti ya chini, asisahau kufunga kabati la vyombo.

"Unakuja?" Gudveig alimuuliza mumewe mambo yote yalipokuwa tayari.

Arnfinn alikuwa na kibegi mkononi. Alifungua mlango wa abiria akaketi.

Mteremko ulianza mara tu baada ya msitu. Gudveig aliweka gia ndogo kama alivyofundishwa. Arnfinn alishika mkono wa mlango, macho mbele, uso umekuwa mweupe. Kona ya kwanza ikapita, na ya pili. Penye reli ndefu upepo uliwapiga ubavuni, na Gudveig akaisikia: mvuto mdogo nyuma, kushoto, kisha kulia. Kioo kikamwonyesha ubavu wa karavani, kikauficha, kikamwonyesha tena. Mguu wake ukaruka kuitafuta breki.

"Usiiguse," Arnfinn alisema. Sauti yake ilikuwa kavu lakini haikutetemeka. "Toa mguu. Usiiguse breki. Shika usukani tu, usipigane nayo. Ngoja."

"Inayumba."

"Naona. Ngoja. Ngoja, mama. Hivyo hivyo."

Ikayumba mara nyingine, ndogo, kisha ndogo zaidi, kisha wakawa wanashuka tu kama watu wengine. Gudveig alikuwa amezuia pumzi. Alipoiachia ilitoka na kicheko. Arnfinn hakucheka. Alikuwa amefumba macho sasa, baada ya hatari, na machozi yanamtoka bila sauti, na hakuyaficha.

Chini bondeni, pale barabara ya mlimani inapokutana na barabara kuu, kuna kituo cha treni na uwanja mpana wa maegesho. Gudveig aliingia hapo, akasimama. Kulia kaskazini, kushoto kusini.

"Umenishusha," alimwambia. "Bila wewe ningekanyaga."

"Mimi nitashuka hapa," Arnfinn alisema. "Kuna treni ya Hamar."

Ndipo Gudveig alipokiangalia kile kibegi. Alikuwa amedhani ni chakula.

"Tumeshuka tayari, Arnfinn. Tumemaliza."

"Huo ni mteremko wa kwanza. Njia nzima iko hivyo, wewe unaijua kuliko mimi."

"Basi tuache Romsdal. Tuelekee kusini, twende tambarare. Twende Denmark."

"Denmark wakati wa baridi kuna nini?"

"Upepo," Gudveig alikiri.

Wote wawili walitabasamu, kidogo. "Ulitaka milima," Arnfinn alisema. "Nimeshakuchukulia miaka ya kutosha. Na mwaka huu sitaki kukuchukulia."

Gudveig alitaka kubisha. Angeweza kugeuza, angeweza kumpeleka nyumbani na karavani nyuma, waiweke uani, wajaribu tena mwakani. Miaka yote alisema tutaenda, sisi, mimi na mzee. Alijitafutia moyoni yule mwanamke ambaye angegeuza gari, akamtafuta kwa haki kabisa, wala hakumpata. Angekwenda. Jambo hilo lilimtisha kuliko mteremko, na akaona mumewe ameshalijua kabla yake, pengine tangu Ijumaa za kwanza.

"Nitakupigia nikifika," alisema.

"Piga. Uniambie jua linaingilia upande gani."

Arnfinn alichukua kibegi, akashuka. Lakini hakuelekea kituoni. Alizunguka nyuma ya karavani, akasimama kwenye theluji chafu ya maegesho, kama mtu wa karavani asiyeweza kuliacha gari liondoke bila taa zake kutazamwa. Gudveig aliteremsha dirisha.

"Kushoto," Arnfinn aliita. Gudveig akawasha. "Sawa. Kulia. Sawa. Breki."

Gudveig alikanyaga breki.

Aliangalia kioo cha pembeni, akaona kipande cha koti la buluu la mumewe na mkono mkubwa umeshika kibegi. Magari yalipita barabarani. Alizidi kukanyaga, mguu mzima.

"Inawaka, mama," Arnfinn alisema kutoka nyuma. "Nimeiona. Achia."

Akaachia.